MAPEPO KWENYE MEZA YA MENEJA

Msomaji wangu, wiki iliyopita tuliuacha mkono ndani ya tundu la mlango. Ulikuwa mkono wa Sindano, umepenya hadi kwenye kiwiko, unapapasa komeo. Na upande wa ndani alisimama Mama Mtambo, bisibisi mkononi.

Hakupiga kelele. Alisema moyoni, "Mungu, nisamehe," akaikita ile bisibisi kwa nguvu zake zote.

Chuma kiliingia mgongo wa kiganja, kikatokea upande wa pili, kikazama kwenye ubao wa mlango.

"Yalaaa! Bosi! Bosi, nimepigiliwa mlangoni kama kalenda!"

"Vuta," alisema Koleo kule nje.

"Hauvutiki!"

"Basi ngoja nikuvutie mimi."

Koleo alimkumbatia mwenzake kiunoni, akaweka mguu mmoja mlangoni, akavuta. Sindano alilia kama mtoto mchanga. Mkono ukatoka. Bisibisi ikabaki pale pale kwenye ubao, na damu ikateremka mlangoni hadi sakafuni.

Kwa wewe uliyeanza nasi leo, sikia haya machache usipotee njia.

Hiki ni kiwanda cha unga. Asubuhi ya leo, karani wa mizani alimwona Koleo akimuua dereva wa lori nyuma ya maghala, kwa spana, huku meneja amesimama pembeni na mikono mfukoni. Yule dereva alikuwa ameyaona yaliyofichwa chini ya magunia, na hilo lilitosha. Meneja akawatangazia wafanyakazi kwamba mtambo umeharibika, warudi nyumbani. Wakarudi, wanashangilia mapumziko. Waliobaki ni wauaji, karani, na dada yake karani.

Huyo dada ndiye Mama Mtambo. Ni mjane, na ndiye anayeitunza seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma inayoweka kumbukumbu zote za kiwanda. Humo ndani imeandikwa kwamba lori la marehemu lilipimwa mizani saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Liliingia, halikutoka. Meneja anataka kuwaambia askari kwamba dereva hakufika kabisa. Mstari huo mmoja unamzuia, na anayeweza kuufuta ni mtu mmoja tu.

Simu? Kiwanda cha unga hakitaki simu. Vumbi likijaa hewani, cheche moja inalipua jengo zima, kwa hiyo kila mtu huacha simu yake kwenye sanduku la getini. Sanduku hilo hutunzwa na mlinzi, mume wa karani. Ila leo mlinzi hakuja. Alituma ujumbe kwamba tumbo linamsokota. Getini kakaa mtu asiyejulikana.

Twende sasa.

Koleo aliinama, akachungulia kwenye tundu. Jicho moja jekundu, na harufu ya jasho.

"Mama Mtambo, umeniharibia mtu."

"Unaye mwingine."

"Kweli, ninaye. Anaitwa Pipa. Unajua yuko wapi saa hizi? Sikiliza."

Akasogeza redio ya mkononi kwenye tundu, akabonyeza. "Pipa, mruhusu asalimie."

Ilitoka sauti ambayo Mama Mtambo aliijua tangu ilipokuwa ikililia ziwa la mama yao.

"Dada, usifute! Hata wakini—" Kikasikika kibao. Kisha kilio kilichozibwa.

"Tumemlaza kwenye mkanda," alisema Koleo, polepole, kama mtu anayesoma tangazo. "Ule unaopeleka mahindi kwenye kinu. Tumemfunga mikono na miguu. Meneja mwenyewe kakaa chumba cha mitambo, kidole juu ya kitufe. Ni hatua ishirini kutoka alipolala hadi kwenye vile vyuma vya kusagia. Futa ile kumbukumbu, ufungue mlango, mtaenda nyumbani wote wawili."

Uongo. Mama Mtambo aliujua uongo huo kama anavyoijua sura yake kwenye kioo. Akifuta, hakuna tena sababu ya kumwacha hai hata mmoja wao. Asipofuta, mdogo wake anasagwa.

"Nafuta," alisema. "Nipe dakika tano."

"Nakupa mbili."

Akakaa. Skrini ilikuwa nyeusi, herufi zake za kijani, haina picha wala urembo. Vidole vyake vilikuwa na damu ya mtu mwingine. Akavifuta kwenye sketi, akaanza kuandika. Lakini hakuwa anafuta.

Miaka tisa iliyopita, marehemu mumewe, waliyekuwa wakimwita Mzee Waya, aliandika programu moja ndani ya seva hiyo. Kazi yake ni kuamuru. Lori likishapimwa, seva yenyewe inatuma amri kwenye kompyuta ya chumba cha mitambo, na ile kompyuta inawasha mkanda kana kwamba kuna mtu aliyekaa pale akabonyeza. Nenda, Simama, Rudi. Anayekaa mbele ya kompyuta hiyo hawezi kuizuia amri, ataona tu jambo limetendeka.

Kila kompyuta Mzee Waya aliipa jina lake. MIZANI. MITAMBO. MENEJA. Hata ile ya nyumbani kwake, aliyoiunganisha na kiwanda ili waiangalie seva siku za mapumziko, aliipa jina: WAYA. Bado ipo sebuleni, kando ya kitanda cha mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa Mama Mtambo, ambaye kapooza miguu. Mama Mtambo alikuwa ameifikiria tangu asubuhi. Lakini angeamuru nini kule? Mama yake hawezi kuinuka hata kufika kwenye kiti.

Basi akaandika jina la MITAMBO. Akaandika amri: funga skrini, asiyejua neno la siri asiguse chochote. Akabonyeza.

Seva ikajibu: AMRI IMETEKELEZWA.

Alishusha pumzi. Meneja sasa kakaa mbele ya kompyuta iliyofungwa. Abonyeze mpaka kesho.

"Dakika zimekwisha," alisema Koleo. "Umefuta?"

"Sijafuta, na sifuti. Mwambie meneja wako ajaribu huo mkanda."

Kisha Koleo akacheka, akabonyeza redio. "Meneja, huyu mama anakuambia ujaribu mkanda."

"Najaribu," ilijibu redio.

Mngurumo ukaanza.

Ulitoka mbali, chini ya sakafu, mngurumo ambao Mama Mtambo aliusikia kila siku ya kazi kwa miaka tisa. Mkanda ulikuwa unatembea. Na ndani ya mngurumo huo, kwenye redio, mdogo wake akapasua sauti.

"Dadaaa!"

Mama Mtambo aliruka kwenye kiti kama aliyeungua. Seva imesema imetekelezwa! Seva haidanganyi! Akaituma amri tena. IMETEKELEZWA. Mkanda unaenda.

"Hatua kumi na nane," alihesabu Koleo, anapokea kwa redio. "Pipa anasema anajinyonganyonga kama samaki. Kumi na saba."

Imetekelezwa wapi?

Wapi, jamani?

Hapo ndipo Mungu alipomkumbusha Jumatatu.

Jumatatu fundi wa mkanda alikuja kulalamika mlangoni. "Mama, mashine yako imechoka. Lori likipimwa mkanda hauwaki wenyewe, tunawasha kwa mkono." Akamwambia zima, washa tena, nitaangalia nikipata nafasi. Hakupata nafasi.

"Kumi na tano."

Na Jumatatu hiyo hiyo meneja alimwita ofisini, uso umemsawajika. "Mama Mtambo, wewe ni mtu wa sala. Kompyuta yangu ina mapepo. Nimekaa nakunywa chai, inajifungulia madirisha ya mkanda yenyewe." Naye, Mungu amsamehe, alimwambia apunguze dhambi, akaondoka anacheka. Lakini kabla ya kuondoka aliiona ile skrini mezani, pana kama sinia, mpya, bado ina karatasi ya nailoni pembeni. Akajisemea moyoni, wakubwa hawa, wamenunuliwa nyingine.

"Kumi na moja. Meneja anauliza kama unataka kumsikia akiingia."

Hakununuliwa! Aliichukua! Ile mpya ilikuwa ya chumba cha mitambo. Meneja aliona haya fundi mwenye mikono ya grisi kukalia skrini pana kuliko yake, akabadilisha Jumapili watu hawapo, asimwambie mtu. Mezani kajiwekea ya mafundi, na chumba cha mitambo kawapelekea ile kuukuu yake. Meza zikabadilika. Majina ndani ya kompyuta yakabaki yale yale.

Mama Mtambo alikuwa anaifunga kompyuta ya ofisi tupu!

"Nane."

Akaandika MENEJA. Akakosea herufi. Akafuta.

"Sita, mama. Nywele zake zimeanza kuvutwa na upepo wa kinu."

MENEJA. Simama. Akabonyeza.

Mngurumo ukakatika kama uliokatwa kwa kisu.

Redio ikalipuka. "Koleo! Umejizima! Nimebonyeza, hausikii!"

"Washa tena!"

Mngurumo ukaanza. Simama. Ukakatika. Ukaanza. Simama. Ukakatika.

"Inajizima yenyewe! Koleo, wallahi hii ni kompyuta yangu ya zamani, nayo imeingiwa na mapepo! Nimehama meza, yamenifuata!"

Mara hii Mama Mtambo aliifunga skrini kabisa. Meneja akaanza kulalamika kwamba anaulizwa neno la siri na kichwa chake hakikumbuki hata jina la mkewe.

"Mapepo gani, mjinga wewe!" alifoka Koleo. "Ni huyu mwanamke! Pipa! Achana na mkanda, panda juu umsukume kwa mkono. Kinu si kinazunguka?"

"Kinazunguka, bosi."

"Imebaki hatua ngapi?"

"Nne."

"Msukume kama gunia!"

Redio ilileta viatu vizito juu ya mkanda. Ilileta pumzi ya mtu mnene. Ikaleta sauti ya karani, ndogo sasa, imekauka: "Kaka yangu, nakuomba. Una mama na wewe."

"Mama yangu hakujui," alisema Pipa.

Mama Mtambo alifumba macho. Alikuwa hajawahi kumdhuru mtu hadi leo, na leo ameshatoboa mkono wa mmoja. Midomo yake ilitikisika kwa sala fupi. Kisha akaandika: MENEJA. Rudi. Mwendo wa mwisho.

Mkanda ulirushwa nyuma kwa nguvu zake zote.

Mguu mmoja wa Pipa ulikuwa juu ya mkanda, mwingine juu ya fremu. Wa mkanda ulikwenda, wa fremu ukabaki. Akaanguka kifudifudi, mkanda ukamburuta hadi mwisho, na pale unapokunja chini ya gurudumu kubwa la chuma, ukamla mguu. Kwanza kiatu. Halafu kifundo. Redio ilibeba mlio wa mifupa, kama kuni kavu zinavunjwa gotini, na sauti ya Pipa ikapanda hadi ikageuka filimbi.

Na yeye alimwita mama yake.

Karani alikuwa nyuma yake kwenye mkanda, mwepesi. Mkanda ulimtupa pembeni juu ya rundo la magunia matupu. Simama, aliandika Mama Mtambo. Mngurumo ukafa. Pipa akaendelea.

Koleo alichukua shoka la zimamoto ukutani mwa korido.

Pigo la kwanza, bawaba ya juu. La pili, ya chini. La tatu, mlango wote ukaanguka ndani pamoja na bisibisi yake, na Koleo akapita juu yake kama mtu anayepita kwenye zulia la kwake.

Mama Mtambo alimngoja na mtungi wa kuzimia moto. Alivuta pini, akamwagia usoni. Unga mweupe ukajaa chumba, Koleo akapofuka, akapiga shoka hewani, akapasua meza, akapasua kiti. Akalitupa shoka. Akanyoosha mikono, akapapasa, akaupata mkono wake.

"Nimekupata, mama."

Kilichofuata ndicho kilichompa jina lake. Alitoa koleo mfukoni, akabana kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakunja. Kidole kikavunjika kwa mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti.

Mama Mtambo alilia. Nani asingelia?

"Bado tisa," alisema Koleo, machozi ya unga yanamtiririka. "Futa."

"Hicho si cha kuandikia," alisema Mama Mtambo.

Mkono wa kulia ulikuwa bado na mtungi. Aliushusha kwenye goti la Koleo. Goti likakunjika upande ambao magoti hayakunjiki. Alipopiga magoti, akampiga taya. Alipoinua uso, akampiga tena. Meno mawili yakaruka, yakagonga ubavu wa seva, yakaanguka. Mara ya tatu alijizuia, mtungi ukiwa juu, maana alijiona kwenye kioo cha skrini, mama wa watu, mjane wa kusali, uso mweupe kwa unga na mwekundu kwa damu, na hakujitambua.

Akaushusha taratibu.

Alimfunga Koleo mikono nyuma kwa waya wa kompyuta, akakaza kwa meno kwa kuwa kidole kimoja hakikufaa. Korido ilikuwa tupu. Sindano alishakimbia, matone yake ya damu yanaonyesha njia. Nje gari la meneja lilinguruma, likagonga kitu cha bati, likapotea.

Akaokota redio.

"Mdogo wangu?"

Mkwaruzo. Kisha: "Dada. Niko hai."

Mama Mtambo aliteleza ukutani hadi akakaa sakafuni. Akacheka, akalia, akacheka.

"Umeumia?"

"Magoti tu. Na nimemwona huyu mtu mguu wake, Dada, nitaota maisha yangu yote. Nimeifikia redio yake kwa meno. Nimejifungua mkono mmoja."

"Kaa hapo hapo. Nakuja."

Akainuka kwa kujishika kwenye meza. Na hapo akaiona skrini.

Kulikuwa na mstari mpya wa kijani. Seva huuandika kila kompyuta inapojiunga.

WAYA IMEINGIA.

Kompyuta ya marehemu. Ya sebuleni, kando ya kitanda cha mama yake, mlango aliufunga mwenyewe asubuhi. Ili uingie kwenye kompyuta hiyo unahitaji neno la siri, na neno hilo halikuwahi kutoka nje ya familia.

Mstari wa pili ukajiandika, herufi moja moja, kama wa mtu asiyezoea kibodi.

MAMA YENU HAJAMBO. NIMEKAA NAYE HAPA.

Wa tatu.

FUTA KUMBUKUMBU YA LORI, SHEMEJI.

Mama Mtambo alilisoma neno la mwisho mara tatu. Duniani kuna mwanaume mmoja tu anayemwita hivyo. Ndiye aliyetuma ujumbe asubuhi kwamba tumbo linamsokota. Ndiye anayetunza sanduku la simu.

Redio ikakwaruza mkononi mwake. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, nyepesi, sauti ya mtu aliyerudi kutoka kaburini na anataka wa kwake.

"Dada? Nifanyie jambo moja. Mtafute mume wangu popote alipo, mwambie aje anichukue."

Mama Mtambo alibonyeza redio ajibu. Akaiachia.

Kwenye skrini ule mstari ulikuwa unamsubiri. Akavuta kibodi kwa vidole vyake tisa, akaandika jina la kompyuta ya marehemu mumewe: WAYA.